Mjane wa Mume Aliye Hai

Mwezi uliopita nilirudisha ufunguo wa sanduku langu la kazi, nikanywa soda mliyoninunulia, nikasikiliza hotuba mbili. Ya pili ilisema kwamba nilikuwa mmoja wa waigizaji wasaidizi waliotegemewa. Sikujibu, kwa sababu nilikuwa na keki mdomoni. Lakini nimekaa hapa nyumbani Woodley wiki tatu nikilitafuna neno hilo, msaidizi, na nimeona niwaandikie nyinyi waigizaji mnaobaki pale ofisini River Road, kabla mtu mwingine hajasimama kuieleza kazi yangu kwa niaba yangu.

Mambo ya malipo siyaandiki, wala ya nani alipandishwa kabla ya nani. Waliopandishwa wanajijua, na mimi nawajua.

Nimeonekana katika filamu kumi na tisa. Nimekuwa yaya au mtumishi wa nyumba mara sita, mke wa chifu mara nne, muuguzi mara tatu, na mara zilizobaki, ukiondoa moja nitakayoieleza, nimekuwa mwanamke anayekimbia. Yowe langu limetumika katika filamu mbili ambazo mimi mwenyewe simo, maana walilihifadhi wakaona hawatapata jingine kama hilo. Tusidanganyane: wageni hawakuja Nairobi kutengeneza filamu kubwa. Hizo walitengenezea kwao. Walizotengenezea hapa ni zile za kuonyeshwa mwanzo, watu wakiwa bado wanatafuta viti gizani. Zilikuwa na simba mmoja, majangili watatu, ndege iliyoanguka, mzungu mwema na mzungu mbaya. Katikati yao, kwa dakika tatu au nne, nilikuwepo mimi, na katika dakika hizo tatu au nne hakuna aliyetafuta kiti.

Nilizaliwa karibu na Butere, pale treni inapokomea. Baada ya shule ya misheni nilikuwa mpokea simu wa posta, na nikiwa huko niliandika barua kumi na moja za kuomba nafasi ya kusoma ng'ambo. Sikuwa na mjomba serikalini wala askofu wa kunisemea. Barua ya kumi na mbili ilijibiwa. Nilikaa Uingereza miaka miwili, katika baridi ambayo sitaieleza kwa sababu kila aliyewahi kwenda huko huieleza, nikarudi na diploma ya uigizaji yenye muhuri mwekundu. Sijasikia mwanamke mwingine wa kwetu aliyekuwa nayo kabla yangu. Kama yupo, aandike na yeye.

Siku ya kwanza ya kazi nilivaa glavu nyeupe. Uhuru ulikuwa bado mpya. Nilipanda ngazi hadi ofisi ya kampuni moja ya filamu kule Government Road, nikaitandaza diploma yangu mezani mbele ya bwana mmoja mwenye mafua. Aliisoma juu juu, akaweka kikombe chake cha chai juu yake, akaniuliza kama naweza kubeba sinia. Duara la kikombe lile lipo mpaka leo, juu kidogo ya jina langu. Wageni wakija nyumbani hudhani ni muhuri wa pili.

Kesho yake nilibeba sinia. Tulikuwa katika nyumba moja kubwa ya Muthangari, yenye veranda ndefu na maua ya zambarau, na kazi yangu ilikuwa kuvuka veranda ile, kuweka sinia, kusema "Bwana, mgeni amefika," na kuondoka. Nilikuta vikombe ni vitupu. Nikakataa kuvibeba. Mwalimu wetu wa ng'ambo, mama mmoja mkavu aliyevaa soksi juu ya soksi, alitufundisha kwamba kitu cha uongo huzaa machozi ya uongo. Ukiigiza mama, shika mwiko unaoujua. Ukibeba chai, ibebe ikiwa moto. Walibishana nami kidogo, kisha wakachoka, wakapika chai. Nilivuka veranda mara saba, na mara ya saba, mwigizaji mkuu alipogeuka vibaya, alipata chai yote mapajani. Yowe lake halikuhifadhiwa. Lakini tazameni filamu ile mkiipata: mikono yangu inatetemeka kidogo kwa uzito, na mvuke unaonekana. Hakuna aliyewahi kubeba sinia namna ile katika jiji hili.

Aliyenifundisha kazi yenyewe, mbali na diploma, ni Bi Zuhura. Alikuwa mtu wa Mombasa, mumewe akiuza vitambaa Biashara Street, na yeye ndiye aliyekuwa fundi wa mavazi wa kila filamu iliyopita Nairobi. Alifika kazini na buibui lake na mkebe wa biskuti uliojaa pini, akaanza kazi bila salamu ndefu. Alinifundisha kukaa kwanza kabla sijakubali nguo, kwa sababu nguo inayopendeza ukiwa umesimama inaweza kukusaliti ukiketi. Alinifundisha kufua jasho la kwapa kwa siki. Adhuhuri ikifika alikwenda kuswali, na hata mwongozaji mwenye haraka kupita wote alimsubiri, maana pini zote alikuwa nazo yeye.

Alikuwa na sheria moja aliyoirudia mpaka ikanichosha. "Mwanangu Rispa," alizoea kusema akiwa na pini midomoni, "nguo ya kazi ilale kazini, nguo ya nyumbani ilale nyumbani. Zikichanganyika utakuja kujitafuta usijione." Nilidhani ni maneno ya mtunza stoo anayechukia nguo kupotea.

Sasa nifike kwenye filamu yenyewe, ile mnayopenda kuniuliza.

Nilikuwa nimeolewa mwaka wa tatu na Zakaria, karani wa baraza la jiji, mtu mpole anayekunja gazeti lake mara nne kabla ya kulisoma. Tulikuwa na binti mmoja, Dina. Zakaria alikuwa na koti moja la maana. Mama yake, Mama Perisi, alimshoneshea siku alipopata kazi Nairobi. Fundi wa sokoni Butere alilishona kwa kitambaa kizito cha kahawia, lakini akaishiwa na kitambaa cha bitana, basi akaweka kile cha milia ya buluu na nyeupe kinachoshonewa magodoro. Kwa nje lilikuwa koti la karani. Kwa ndani lilikuwa godoro. Hakuna koti jingine kama lile Kenya nzima, na Zakaria alilivaa kila siku ya kazi isipokuwa siku za joto, lilipobaki kwenye msumari wake nyuma ya mlango.

Filamu ilihusu majangili wa pembe za ndovu. Mimi nilikuwa mke wa mfuata nyayo za wanyama anayeuawa na majangili hao, na kwa mara ya kwanza mtu niliyemwigiza alikuwa na jina. Nilikuwa na dakika tisa. Mwongozaji, kijana mrefu aliyevaa kofia ya majani hata ndani ya nyumba, alinijia akaniuliza, kwa kuwa nilikuwa msomi na mtu wa magharibi mwa Kenya, mjane wa kwetu huombolezaje. Nikamweleza. Nikamwambia kwamba kwetu mjane huvaa koti la marehemu, amelipindua, ndani nje, na hulivaa mpaka matanga yaishe, ili kila amwonaye ajue kwamba nyumba yake imepinduka vivyo hivyo. Mwongozaji alivua kofia. Alisema hilo ndilo atakalolipiga picha kwanza.

Tulipigia mazishi katika uwanja mmoja kupita Riruta. Siku hiyo Bi Zuhura hakuwepo, binti yake alikuwa amejifungua. Koti aliloniachia lilikuwa jipya, gumu kama ubao, linanuka duka. Nililijaribu jioni iliyotangulia nyumbani mbele ya kioo. Hakuna mtu aliyewahi kufia ndani ya koti lile, wala kuishi ndani yake. Nikamkumbuka mwalimu wangu wa soksi mbili mbili. Asubuhi kulikuwa na jua, Zakaria alitoka na shati tu. Alipopinda kona kuelekea Ngong Road, nililitoa koti lake kwenye msumari, nikalikunja ndani ya kikapu, nikaondoka nalo.

Nilikuwa na diploma. Diploma haikuwa na somo juu ya jambo hili.

Waombolezaji niliwatafuta mwenyewe, wanawake wa kwetu kutoka kanisa moja pale Riruta, kwa sababu nilikuwa nimewaona waombolezaji wa filamu nyingine wakilia kama watu wanaopiga chafya. Miongoni mwao alikuwa mama mdogo wa Zakaria, Leya, dada yake Mama Perisi, mwenye sauti ya kuongoza msiba inayofika ng'ambo ya mto. Nilijivunia kumleta. Nikavaa koti, milia ya godoro ikiwa nje, nikapiga magoti kando ya jeneza lililojaa mawe, kamera ikaanza.

Leya alianza kulia vizuri, kwa ufundi. Kisha akaniona. Sauti ikakatika kabisa. Halafu ikarudi, na haikuwa sauti ile ya kwanza. Wanawake wengine wakaisikia nao wakabadilika, uwanja mzima ukapanda, hata wabeba taa waliacha kutafuna. Mwongozaji alipiga picha moja tu, akasema haihitajiki nyingine. Alinikumbatia. Hiyo ndiyo siku niliyoigiza vizuri kuliko siku zote, na karibu inigharimu nyumba.

Leya alinijia wakati nikinywa maji. Alishika kola, akaifunua, akatazama kahawia iliyokuwa imejificha chini.

"Hii ni koti ya Zakaria."

Nikamwambia ni mchezo tu, Mama mdogo, kila kitu hapa ni mchezo, hata jeneza lina mawe.

"Jeneza lina mawe, lakini koti si ya mawe. Zakaria ako wapi?"

"Ako kazini."

"Unajua ako kazini, ama unafikiri?"

Hakungoja chakula. Alivuka uwanja kwa miguu, na jioni hiyo hiyo alimtafuta mtu anayepanda treni ya Butere.

Nilipofika nyumbani nilimkuta Zakaria amerudi mapema, amejikunja kitandani, meno yakigongana. Homa hiyo ya malaria ilimjia kila mwaka baada ya mvua ndefu, nami nilijua dawa yake. Nilimpa klorokwini. Nililirudisha koti kwenye msumari, limegeuzwa sawasawa, kahawia nje. Kisha akasema anasikia baridi, nimfunike na koti lake.

Nilisimama mbele ya msumari ule. Mimi ambaye huko ng'ambo nilikuwa nimewacheka wenzangu wasiopita chini ya ngazi kwa kuogopa mkosi. Nilinyoosha mkono, nikaurudisha. Nilimpa blanketi mbili, nikamwambia koti lina vumbi. Hapo ndipo nilipojua kwamba sikuwa nimesafiri mbali kama nilivyodhani.

Mama Perisi alifika siku ya nne na kifurushi chake kichwani. Hakuketi. Nilimletea chai, akaitazama ikipoa. Alikwenda kitandani, akamshika Zakaria paji la uso, akamwambia maneno machache ya kawaida juu ya ng'ombe na mahindi, kisha akaniita nje, kwenye kamba ya nguo. Nayaandika kwa Kiswahili aliyoyasema kwa lugha yetu.

"Mama Dina, sikuja kwa sababu ya homa. Homa itapona. Ungemzika mwanangu shambani kwa mchezo, ningejua la kufanya, kuna wazee na kuna dawa. Lakini mmemzika ndani ya picha, na picha haiozi. Itamzika kila mtakapoiwasha."

Nikajaribu kumweleza. Nilitumia maneno mengi, mengine ya Kiingereza. Alinisubiri nimalize, kama mtu anayesubiri mvua iishe.

"Basi atoke humo humo alimoingia," alisema. "Nataka nimwone kwa macho yangu, ndani ya picha hiyo hiyo, matanga yakiwa yamekwisha, anatembea, koti lake mwilini. Mpaka siku hiyo sili chakula cha mkono wako. Asipotoka, atarudi Butere na mimi, na wewe utabaki na kazi yako."

Akabeba kifurushi chake, akaenda kulala kwa Leya, Riruta.

Nilidhani Zakaria angeniunga mkono. Alikuwa karani, mtu wa faili. Alijivuta akaketi kitandani, akasema, "Rispa, mimi siamini. Lakini mama yangu akisema nirudi, nitarudi. Sitaki afe akiamini. Nifanyie hiyo kitu."

Kwa hiyo lilikuwa ni jambo moja tu, na lilikuwa wazi: nimwingize mume wangu katika filamu ya watu, akiwa hai, ndani ya koti ambalo katika filamu hiyo hiyo lilikuwa la marehemu. Na mlinzi wa mambo kama hayo alikuwa Bi Hilda. Kazi ya Bi Hilda, kwa ambao hamkumjua, ilikuwa kuandika daftarini nani alivaa nini na chai ilifika wapi kikombeni, ili picha ya leo ilingane na ya jana. Nilimwona akisimamisha kazi ya watu arobaini kwa sababu ya saa ya mkononi. Koti lenye milia ya godoro lilikuwa na ukurasa wake.

Nilikwenda kwa Bi Zuhura, dukani kwa mumewe, nikaungama mbele ya majora ya vitambaa. Nilitegemea karipio. Alinitazama tu, akachukua koti, akaingiza mkono ndani ya mkono wa koti, akalipindua mara moja, akalipindua tena.

"Kamera imeliona upande upi?"

"Wa milia."

"Upande wa kahawia imeuona?"

Haikuwa imeuona hata kidogo.

"Basi hili kahawia ni koti jingine, Rispa. Hilda ana milia kitabuni. Kahawia hana." Alilitundika, akalipiga brashi mabegani. "Wewe ulilivaa ndani nje ukamzika. Yeye atalivaa nje nje, atoke. Watakaolijua ni wale wanaolijua tu, na mama mkwe wako ni mmoja wao."

Ninayo karatasi yenye muhuri mwekundu ukutani, na haikunifundisha kitu cha maana kama hicho.

Tukio la mwisho la filamu lilikuwa la soko, waliloliunda katika kiwanja cha ile nyumba ya Muthangari. Majangili wamekamatwa, mzungu mwema na mchumba wake wanaagana na watu, na mjane, yaani mimi, anauza ndizi kwa sababu maisha yanaendelea. Walihitaji wapita njia. Nikamwambia mwongozaji ninaye mmoja, mtu mwenye uso wa kuaminika. Zakaria aliomba ruhusa kazini kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe. Alikuwa amepona ila amekonda, na koti lilimpwaya kidogo. Nilimfundisha nyumbani siku mbili: pita kutoka kushoto kwenda kulia, usikimbie, usisimame, na usiangalie kamera.

Mara ya kwanza aliangalia kamera. Mara ya pili aliangalia kamera na kutabasamu, kama anayepigwa picha ya harusi. Mara ya tatu hakuiangalia, lakini alitembea kama askari anayepita mbele ya jukwaa, mkono na mguu wa upande mmoja vikienda pamoja. Mwongozaji aliuliza yule ni nani na nani kamleta. Jua lilikuwa linashuka, na waliambizana kwamba imebaki mara moja, ikishindikana wataondoa wapita njia wote.

Nilimkimbilia. Nilikuwa na mengi ya kumwambia, pumzi, mabega, mbinu zote. Nilipofika nikamwona anafunga na kufungua kifungo kile kile cha koti, nikasahau diploma.

"Zakaria, ni saa mbili kasorobo. Basi la Ngong Road liko kwa kona. Enda kazi."

Kamera ikaanza. Mzungu na mchumba wake wakawa wanaagana. Zakaria akatokea kushoto, kwa mwendo ule ule ninaouona kila asubuhi, kofia yake kichwani, begi la kazi likikosekana tu. Akanikaribia. Na alipofika mbele ya ndizi zangu akafanya kile anachokifanya kila asubuhi akipita chini ya dirisha letu, bila kufikiri, kwa sababu hakuwa tena katika filamu, alikuwa anakwenda kazini: alinivulia kofia.

Sikuwa nimemfundisha hivyo. Nami, mwenye diploma, nilisahau kwamba ninaigiza mjane. Nikamwinulia mkono, akapita.

Nilijua tumeharibu. Lakini mwongozaji akasema hicho ndicho kilichokosekana siku zote, mjane kusalimiwa na mtu. Bi Hilda alimfuata Zakaria kwa macho. Upepo ulikuwa umeinua pindo la koti wakati akiondoka, na milia ilionekana kidogo tu, kama ulimi. Bi Hilda aliniangalia, akaangalia daftari lake. Ukurasa ule alikuwa nao. Akaandika maneno machache, akafunga. Jioni nilichungulia. Alikuwa ameandika: mpita njia, koti la kahawia, anavua kofia.

Msifikiri mambo yaliishia hapo. Filamu ilipelekwa kwao kukatwa na kuunganishwa, na huko kuna watu wenye mikasi ambao hawajui Mama Perisi ni nani. Nimewahi kukatwa katika filamu nzima nikabaki kivuli ukutani. Tulisubiri karibu mwaka. Mama Perisi alikuja mara mbili kumwona mjukuu wake. Alileta mahindi, akambeba Dina, akakaa nje kwenye kigoda alichokuja nacho mwenyewe, akala kwa Leya. Hakunitukana hata siku moja. Afadhali angenitukana. Zakaria naye niliona ameanza kuweka karatasi zake muhimu katika sanduku moja.

Filamu ilipofika mjini tulikwenda onyesho la Jumamosi mchana. Mama Perisi hakuwahi kuingia sinema. Alikaa katikati yetu, Zakaria kulia kwake akiwa amevaa koti, mimi kushoto, Leya nyuma yetu. Taa zilipozimwa alinishika mkono, kisha akakumbuka tuko vipi, akauachia.

Nilijitazama nikipiga magoti. Nilisikia yowe la Leya likijaza ukumbi, na nyuma yangu Leya mwenyewe akaanza kusali. Mama Perisi hakutikisika. Alitazama milia ile mwanzo hadi mwisho. Baada ya hapo kukawa na majangili, mto, bunduki, busu moja lililozidi, na mimi sikuona chochote. Nilikuwa nahesabu.

Soko likaja. Mzungu na mchumba wake wakajaza ukuta wote, nyuso tu. Ndizi hazionekani. Wapita njia hawapo. Wakasema la kwanza, wakasema la pili, nami nikajua mikasi imepita. Nilianza kupanga maneno ya kumwambia Zakaria kwenye ngazi. Kisha kamera ikarudi nyuma, kama mtu anayejivuta kukaa vizuri, na soko likaonekana, nami nikaonekana, na kutoka kushoto, amechelewa basi, akaja Zakaria.

Alipita. Alivua kofia. Nikamwinulia mkono. Akaenda zake.

Mama Perisi aliinua mkono gizani, akagusa mkono wa koti la mtu aliyekaa kuliani kwake. Aliupapasa kuanzia begani mpaka kiganjani, polepole, kama anayepima kitambaa. Kisha akageuka upande wangu.

"Mama Dina," alisema, na hakunong'ona, "leo umepika nini?"

Sikuwa nimepika. Niliogopa kupika. Tulifika Woodley nikasonga ugali bado nimevaa viatu vya mjini, na mboga ya mrenda ikaungua chini, na akala, akaomba tena. Tangu siku hiyo, kila aliposikia nimeitwa kazini, hakuuliza filamu ni ya nini wala ni ya nani. Aliuliza swali moja tu: "Umevaa nguo ya nani?" Nami nilimjibu kweli: "Ya Bi Zuhura, Mama."

Kwa hiyo vijana wangu, bebeni sinia zenye chai, vilieni vitu vya kweli, na mtu akiwaita wasaidizi, muulizeni filamu ingeishaje bila nyinyi. Lakini angalieni mnachokitoa msumarini kabla hamjakitia kikapuni. Vingine si mali yenu peke yenu, hata kama mlango ni wenu.

Diploma yangu iko ukutani hapa ninapoandikia, na duara lake la chai. Karibu nayo, nyuma ya mlango, upo msumari wa koti, mtupu, kwa sababu asubuhi kuna baridi na Zakaria ametoka kununua gazeti. Sasa hivi nimemwona akirudi, akipita chini ya dirisha. Amenivulia kofia. Bado anatembea vibaya akijua anaangaliwa.